Mpangaji Hapandi Mnazi

Somoe hakwenda sokoni siku ile kumfumania mtu. Alikwenda kununua vitunguu.

Soko la Palma lilikuwa limefurika hadi barabarani. Tangu gesi igunduliwe baharini, watu walikuwa wakimiminika: madereva kutoka Nampula, mafundi kutoka Maputo, wauza simu kutoka Pemba, na wageni wenye fulana za rangi ya chungwa walioulizia bei ya nanasi kwa vidole. Vitunguu vilikuwa vimepanda bei. Samaki naye amepanda. Bado kidogo na maji ya kuoshea samaki yangewekewa bei yake.

Somoe alivaa gauni lake la kufundishia, la bluu lenye kola nyeupe, na mabegani alijitanda kapulana ya njano, kitenge cha kule, aliyopewa na mwenye nyumba wake. Alikuwa katikati ya kubishana na muuza vitunguu aliposikia kicheko cha mwanamke, kisha sauti ya mwanamume ikisema, "Taratibu, Delfina. Usishike jani. Shika nazi yenyewe."

Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi.

Aligeuka. Mumewe Chande, ambaye saa ile alipaswa kuwa darasani na chaki mkononi, alikuwa amesimama nyuma ya gari la mizigo linalokwenda Pundanhar. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na suruali imejaa udongo magotini. Alikuwa akimpandishia mche wa mnazi msichana aliyesimama ndani ya gari, mrefu, blauzi nyekundu, shingo ya kutazamwa mara mbili. Mche wa pili ulikuwa umekwisha kupakiwa. Wa tatu ulikuwa chini ukingoja zamu yake. Na kila mche ulikuwa umefungwa utepe mwembamba wa kitambaa chenye maua ya zambarau.

Kitambaa kile Somoe alikichana mwenyewe, kutoka kwenye ukingo wa khanga yake ya harusi.

"Chande."

Mche nusura umponyoke.

"Somoe! Wewe... si una darasa?"

"Langu leo ni la jioni. Mwenye darasa sasa hivi ni wewe. Au leo unafundishia juu ya gari?"

"Mpenzi, twende pembeni nikueleze."

"Nieleze hapahapa. Hiyo ni miche yangu."

"Najua."

"Umeing'oa."

"Nimeing'oa, ndiyo, lakini..."

"Ukampa nani?"

Msichana aliinama kwa adabu kutoka garini. "Boa tarde, professora. Mimi Delfina, mwanafunzi wa mwalimu. Usikasirike, mwalimu kaniambia kwamba..."

"Delfina, nyamaza!" Chande alimkatiza.

Kumkatiza kule ndiko kulikoharibu mambo. Muuza vitunguu aliacha kupima. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alisogea karibu apate kusikia vizuri. Somoe alimtazama mumewe, naye Chande hakumtazama yeye. Alikuwa akitazama ng'ambo ya njia, kwenye mlango wa kantini, ambako kijana mmoja mwenye kofia ya kufuma alikuwa ameegemea akitafuna kijiti na kutabasamu. Yule alikuwa Rajabo, mpwa wa mwenye nyumba wao.

"Basi nimeelewa," alisema Somoe. Hakuwa ameelewa kitu. Aliviacha vitunguu vyake pale pale akaondoka.

Sasa, msomaji, kabla hujamhukumu Chande, ngoja. Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya kumzaba kofi, lakini tutende haki.

Hawa wawili walikutana Mtwara, kwenye duka la fotokopi, katika msongamano wa watu wanaonakili vyeti vya kuombea kazi. Chande aliondoka na cheti cha Somoe katikati ya vyake. Jioni akampigia simu kwa namba iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya cheti.

"Dada, nina alama zako hapa. Kiingereza una A. Mimi nina C. Nikurudishie cheti, au nibaki nacho nionekane mtu?"

"Rudisha, mwizi wewe."

"Nikirudisha utaninywesha chai?"

"Nitakunywesha maji. Ya bomba."

Alirudisha, akanywa maji ya bomba, akasifu utamu wake. Baada ya muda akamtuma mjomba wake kwenda kuposa, kama ilivyo ada. Somoe alimtania mpaka siku ya ndoa: "Wewe hujaniposa. Mimi nimeposwa na mjomba wako."

Kazi ya Palma ilikuja wakiwa hawajamaliza hata kula keki. Kituo kimoja cha lugha kilitafuta walimu wawili, mume na mke, wafundishe Kiingereza vijana waliotaka kazi za gesi. Chande alifurahi mno. Somoe alikuwa na ajira ya serikali, na ajira ya serikali haiachwi hivi hivi. Tena alikuwa na jeraha lake. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa: Newala, Nachingwea, Liwale. Kila nyumba ya shule waliyokaa, mama yake alipanda miti, na kila mara walihamishwa kabla haijazaa.

"Maisha yangu yote nimekula maembe ya watu," alimwambia Chande, "na watu wamekula ya mama. Nitakwenda nawe, lakini kwa sharti. Nitapanda mnazi, nasi tutakaa mpaka ninywe dafu lake."

"Tutakaa mpaka unywe dafu lake. Naapa."

"Na usinifiche kitu. Kule sina mama, sina dada, nina wewe tu. Siku utakaponificha jambo, navuka Ruvuma narudi kwetu, na hutaniona tena."

"Nami nitavuka nyuma yako."

"Sitanii, Chande."

"Nimesikia, mama."

Walipofika Palma walipata nyumba ya uani kwa Bibi Wahida, mjane mwembamba mwenye ulimi mtamu. Bibi alimpenda Somoe tangu siku ya kwanza. Alimfundisha kusaga msiro juu ya jiwe, ule mti ambao wanawake wa pwani ile hujipaka usoni mweupe kama unga, na siku za mapumziko walikaa barazani wamepakaa wote wawili, wakicheka. Ni Bibi mwenyewe aliyemletea jembe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Eneo hilo la nyuma lima upendavyo, mwanangu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Katika nyumba za shule alikokulia Somoe, neno hilo maana yake panda chochote. Katika pwani ile maana yake ni mchicha, bamia, mhogo, yaani kitu kinachovunwa kikaisha. Mnazi ni habari nyingine. Mnazi huishi kuliko mtu, na aliyeupanda ana neno juu ya ardhi. Mpangaji hapandi mnazi; hilo hata mtoto wa Palma anayejifunza kutembea analijua. Na miaka ile, watu wenye futi za kupimia wakipita mitaani kuuliza mti huu wa nani na ule wa nani, jambo lenyewe lilikuwa zito maradufu.

Bibi Wahida alipofungua mlango wake wa nyuma akaona miche mitatu imejipanga mstari, imefungwa tepe kama maharusi, moyo ulimpasuka. Angemwambia Somoe? Angeanzaje? Zaidi ya hayo, kwao jambo zito halibebwi na mwenyewe. Hutumwa mtu, na mwanamume huendewa na mwanamume. Akamtuma mpwa wake. "Mwambie mwalimu kwa upole, miche ihamishwe."

Rajabo aliuacha upole njiani. Alimkuta Chande kituoni akamwambia, "Bibi kakasirika sana. Mnataka kutuzoa kiwanja, siyo? Miche isipotoka kabla ya Ijumaa, naenda migração, kule uhamiaji. Karatasi zenu za ukaazi hazijatoka, mimi najua. Na mkeo asisikie. Mwanamke akilia mtaani, jambo dogo linakuwa kubwa. Pronto? Tumeelewana?"

Chande aliogopa. Niseme ukweli wake: hakuogopa migração kama alivyouogopa uso wa Somoe, siku atakayosikia kwamba mama yake wa huku ndiye aliyeshtaki. Basi akanyamaza. Alijiambia kwamba anamlinda mkewe. Wanaume wengi wamelazwa barazani kwa sababu ya neno hilo.

Somoe aliporudi kutoka sokoni alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Alikuta mashimo matatu, mchanga wake bado mbichi. Akasimama pale kama mtu aliyefika msibani amechelewa.

Bibi Wahida alikuwa barazani kwake anasaga msiro.

"Bibi, ulimwona Chande aking'oa miche yangu?"

Mkono wa Bibi ulisita juu ya jiwe. "Nilimwona."

"Alisema kwa nini?"

"Ya mume na mke, mwanangu, mimi simo."

Aliendelea kusaga hali mti ulikuwa umekwisha kulainika.

Chande alirudi jua linapozama. Alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti kimoja, na kiti kile kingine ameweka mkoba wake.

"Ilikuwa haioti vizuri pale," alianza, hata salamu hajatoa. "Ule udongo ni mchanga mtupu."

"Chande. Mimi nimekulia Nachingwea. Lakini hata mtu wa Nachingwea anajua mnazi unapenda mchanga."

Chande akaanza kupangusa udongo magotini.

"Delfina ni nani?"

"Mwanafunzi."

"Mzuri."

"Sijamtazama."

"Basi wewe kipofu, na mwalimu kipofu afukuzwe kazi. Chande, niangalie. Unampenda?"

"Astaghfirullah! Somoe, mpenzi wangu, kipenzi changu, niamini. Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika hadi kooni. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya ua Bibi Wahida alikuwa akikohoa, na Chande akalimeza.

"Hutaki kusema," Somoe alisema polepole. "Haya. Mimi nitakwambia Ijumaa kuna nini. Kuna gari la Namoto, mpakani. Linapakia asubuhi, mchana niko mtoni, jioni niko kwa dada yangu."

Kituo cha lugha kilikuwa katika ghala la zamani la mbata, lililogawanywa kwa majamvi yaliyotundikwa kutoka juu. Darasa la Somoe lilikuwa upande huu, la Chande upande ule, na sauti hazikujua jamvi. Saa zao zilipogongana walifundisha kwa kupokezana, mmoja akisomesha, mwingine akiandikisha. Alhamisi ile hawakupokezana. Walifundisha Kiingereza, lakini nitakisimulia kwa Kiswahili ili uchungu wake usipotee.

"Leo tunajifunza kukanusha," Somoe alitangaza. Macho yalikuwa yamemvimba na poda haikusaidia. "Semeni: Mume wangu hakuniambia."

"Mume wangu hakuniambia!" darasa likaitika.

Upande wa pili chaki iliacha kukwaruza.

"Alidhani mimi mtoto."

"Alidhani mimi mtoto!"

Dereva mmoja mnene, Januário, aliinua mkono. "Professora, samahani. Hii itatoka kwenye mtihani?"

"Itatoka."

Chande alikohoa nyuma ya jamvi. "Na sisi huku tushike wakati ujao. Semeni: Nitakueleza yote."

"Nitakueleza yote!"

"Ahadi si ukweli," Somoe akajibu, na darasa lake likapokea kwa nguvu zaidi.

"Naomba unisubiri."

"Nimesubiri, nimechoka."

"Ninampenda mke wangu!" Chande alipaza sauti. "Wote pamoja!"

Darasa la Chande lilikuwa limejaa vijana wasio na wake na wasichana wasio na waume. Walilipokea neno lile kwa furaha kubwa, wakalirudia bila kuambiwa, mpaka wapita njia wakasimama. Darasa la Somoe liligeuka likamtazama, likingoja jibu. Alitaka kuandika ubaoni, chaki ikamkatikia mkononi. Machozi yalikuwa karibu, na aliona afadhali afe kuliko kulia mbele ya Januário.

Ndipo sauti ya msichana ilipopanda kutoka upande wa pili, polepole, kwa Kiingereza cha mtu anayehesabu maneno.

"Nyumbani kwetu kuna minazi mitatu. Si yangu mimi. Ni ya mke wa mwalimu wangu."

Somoe aliweka chini kipande cha chaki.

"Delfina," Chande alisema kwa sauti ndogo, "nani kakutuma useme hivyo?"

"Hakuna, mwalimu. Ulisema tutunge sentensi za kweli."

Somoe alimngoja Delfina nje, penye bomba la maji.

"Rudia ulichosema."

"Ni kweli, professora. Mwalimu alikuja Jumapili kumwomba mama yangu mahali. Mama anaitwa Olinda, machamba yetu iko njia ya Pundanhar, si mbali. Mwalimu alisema, hii minazi ni ya Somoe. Siku anataka kuiona, anakuja. Siku inazaa, anakula. Mama kakubali, kamwonyesha mahali penye maji. Zile tepe hatujatoa."

Jumapili Chande alikuwa amemwambia anakwenda kutazama mpira.

"Kwa nini kwenu? Kwa nini siyo pale kwangu?"

Delfina alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini professora... mpangaji hapandi mnazi. Bibi wenu kamtuma Rajabo kusema. Rajabo katangaza soko zima anawapeleka migração. Hukujua? Kila mtu anajua."

"Kila mtu."

"Hata watoto," alisema Delfina, na papo hapo akatamani asingelisema.

Hivyo wivu ulimtoka Somoe kama homa inavyotoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Angekuwa ni mwanamke mwingine, angepigana naye. Sasa apigane na nani? Yeye ndiye aliyechimba, yeye ndiye aliyepanda, na mtaa mzima ulikaa kikao juu ya mikono yake bila kumwita.

Alimpigia dada yake Mikindani akiwa njiani.

"Dada, niandalie chumba."

"Kakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Nilidhani. Hana."

"Sasa unarudi kwa sababu gani, Somoe? Watu watatucheka."

"Wamekwisha kucheka huku, dada. Jambo langu mimi, wanalijua mpaka watoto, na mimi sijui. Nitakaaje na mtu wa namna hiyo? Akijua naumwa ataniambia, au atamtuma mtu?"

Dada yake alivuta pumzi upande wa pili wa simu. "Njoo," alisema.

Kwa Bibi Wahida hakubisha hodi mara mbili. Bibi alimwona usoni akajua.

"Ni wewe, Bibi."

"Ni mimi," alisema Bibi. Hakuzunguka. "Nilimtuma Rajabo."

"Umekula sahani moja na mimi. Umenipaka msiro kwa vidole vyako. Ungeniambia, Somoe, hapa haipandwi minazi, ningeing'oa mwenyewe siku ile ile na kukuomba radhi. Mimi mgeni, Bibi, sijui. Mgeni asipoambiwa atajuaje?"

"Niliona haya, mwanangu. Na ndiyo ada yetu, jambo kama hili..."

"Ada yenu naiheshimu. Lakini aliyepanda ni mimi. Mbona hamkunitafuta mimi?"

Bibi Wahida alikaa chini polepole. Somoe alimbusu mkono, kwa kuwa adabu ni adabu hata kwa aliyekuumiza, akaenda kufunga nguo.

Usiku ule Chande alieleza kila kitu, cha Rajabo, cha migração, cha Mama Olinda. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwalimu. Somoe aliendelea kukunja magauni.

"Haya yote nimeyasikia bombani," alisema. "Kwa mwanafunzi wako."

Ijumaa asubuhi kituo cha magari ya Namoto kilikuwa na watu kama siku ya mnada. Wachuuzi wa sabuni, mafundi wenye makoleo, mama aliyekuwa akigombana na mbuzi wake. Somoe alikuwa amevaa baibui jeusi, na kichwani amejitanda ile khanga ya harusi yenye ukingo uliochanika. Sanduku lake lilikwisha kufungwa kamba juu ya gari. Simu ikalia. *Mwizi wa cheti*, kioo kiliandika. Hakuwahi kulibadilisha jina lile.

Akaitazama ikilia hadi ikakaribia kukatika. Kisha akapokea.

"Unasemaje?"

"Uko wapi?"

"Unaniona, Chande. Hata mimi nakuona. Umejificha nyuma ya gari la saruji."

"Naogopa kuja."

"Basi baki huko. Tuma mtu."

Simu ilikatika. Chande alitokea nyuma ya gari la saruji akiwa na shati lile lile la juzi, magoti yale yale yenye udongo, akipenya kati ya watu. Alisimama mbele yake. Aliificha mikono mfukoni, kisha akaitoa.

"Mara ya kwanza alikuja mjomba," alisema. "Nilikuwa nimekaa nyumbani nakunywa chai, yeye anakuposea. Leo sina mshenga. Nimekuja mwenyewe."

Mama wa mbuzi aliacha kugombana.

"Nilikuficha, Somoe. Nilisema nakulinda. Uongo. Nilijilinda mimi, nisiyaone machozi yako. Nimekwenda kwa mkubwa wa mtaa asubuhi hii nikamweleza kosa letu kwa mdomo wangu, na vitisho vya Rajabo pia. Kasema miche imeondoka, kesi hakuna. Na Rajabo ataitwa naye. Karatasi zetu sijui zitakuwaje. Labda watatukatalia, na siku wakitukatalia, utajua siku ile ile. Sitakuahidi dafu tena, kwa sababu sina ardhi ya kuahidi. Nakuahidi hili tu: jambo likinijia, wewe utakuwa wa kwanza kulisikia, hata likiwa la kukuliza. Unanikubali au hunikubali?"

Somoe alifungua mdomo, lakini hakupata nafasi. Watu walikuwa wakipisha njia. Bibi Wahida alikuwa anakuja, anahema, uso mzima mweupe wa msiro ambao hakungoja kuunawa, na mkononi ameshika jembe. Tangu awe mjane hakuna aliyemwona akitembea mjini na msiro usoni.

"Sikumtuma mtu," alisema alipopata pumzi. "Nimekuja kwa miguu yangu, nikwambie usoni mwako. Mnazi kwangu usipande. Ardhi ni ya watoto wangu, na hata nikikupenda vipi sitakupa. Umesikia?"

Lilikuwa katazo kavu, halina sukari. Na Somoe aliyevumilia tangu sokoni, aliyevumilia darasani na bombani, ndipo hapo alipoangua kilio, akicheka ndani yake.

"Nimesikia, Bibi."

"Panda mhogo. Mhogo hauna kesi." Bibi akamsukumia jembe. "Na kama Mungu akiwapa mtoto, kitovu chake kikazikwa pale uani, huyo mtoto ana haki ya mnazi wake. Huyo si mpangaji. Hilo nalo nakwambia mwenyewe."

Somoe alifuta macho kwa ukingo wa khanga, pale palipochanika. Kisha akamgeukia mumewe, ambaye bado alikuwa amesimama kama mtuhumiwa.

"Jumapili hakuna mpira."

"Hakuna."

"Utanipeleka njia ya Pundanhar. Wewe ulimwomba Mama Olinda mahali kwa ajili yangu. Nataka nimwombe mwenyewe."

"Nitakupeleka."

"Na shati hilo ulifue. Mtu haji kuposa na shati la juzi."

Dereva alipiga honi. "Dada wa sanduku! Tunaondoka, mto haungoji!"

"Nishushie sanduku langu," alisema Somoe, jembe begani. "Mimi nina darasa jioni."